Fundi wa Bao Mbele ya Mchezo Mgeni

Kila wanafunzi wetu wa ualimu warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, hutuletea malalamiko ya namna moja. Husema kwamba walikwenda skuli na njia walizojifunza chuoni, wakakesha usiku wakitengeneza vifaa, na asubuhi wakakutana na mwalimu mkongwe aliyewatazama kwa upole na kuwaambia, "Hayo ni mazuri, mwanangu, lakini sisi hapa tumefundisha miaka thelathini bila ya hayo." Wengine hurudi na hasira. Wengine, na hili ndilo baya zaidi, hurudi wamekwisha kuamini kwamba njia mpya ni mambo ya mitihani ya chuo tu, hayana kazi darasani.

Katika makala haya hatukusudii kumtetea mkongwe huyo wala kumlaumu. Tunakusudia kuuliza swali moja: mtu aliyekwisha kuwa fundi wa jambo, anapoletewa jambo jipya lililo jamaa na lile alijualo, huamuaje kama linafaa kujaribiwa? Swali hili laweza kujibiwa kwa vitabu vya saikolojia, na vitabu hivyo vimo maktabani. Sisi jibu letu tulilipata barazani, katika Mji Mkongwe, mahali ambapo wengi wa wanafunzi wetu hupita kila siku wakielekea Darajani, bila ya kutua.

Baraza zetu za mawe hazihitaji kuelezwa kwa mtu wa Unguja. Baada ya sala ya alasiri huja muuza kahawa na dele lake, huja wenye habari za mji, na huja wachezaji. Pana bao, pana karata, pana dhumna na keram. Lakini mwanafunzi na aangalie jambo moja ambalo huenda halijampitikia. Katika michezo hiyo, bao ndilo tuwezalo kuliita la huku kwetu. Keram ilitoka Bara Hindi. Na tunapotaja kopa, uru, pau na shupaza, tunatamka maneno yenye asili ya Kireno, na neno lenyewe karata ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba palikuwa na siku moja, zamani, ambapo mzee fulani aliyekaa juu ya baraza mfano wa hizi aliletewa vipande vigumu vya karatasi vyenye picha, akaulizwa kama angependa kujifunza. Na yeye, au mwanawe, akakubali. Asemaye leo kwamba wazee wetu hawakuwa na desturi ya kupokea michezo migeni, aghalabu husema hayo huku ameshika karata mkononi.

Tuje kwenye bao lenyewe, kwa faida ya wale waliokulia nyumba zisizo na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za komwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mchezo uanzapo, kila mmoja huwa na kete kumi tu baoni: sita katika nyumba, yaani lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani yake. Kete 22 zilizobaki huwa mkononi, na huingizwa moja moja kwa zamu. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha, huingia mtaji, na hapo mchezo hubadilika tabia yake. Mshindi ni yule anayeimaliza safu ya mbele ya mwenziwe au kumfikisha mahali hana pa kucheza. Kwa maneno hayo machache mchezo waonekana mwepesi, lakini kete zikiliwa huingizwa upya kutoka kwenye kichwa cha safu, zikazunguka, zikala tena, na hesabu ya zamu moja yaweza kumchosha mwenye akili nzuri. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Unguja kuwachunguza mafundi wa bao, na tasnifu yake juu ya ubingwa huo ilitolewa Leiden mwaka 1995. Wazee waliokuwa wakipuuzwa na vijana wa mtaa wao kuwa ni watu wa kupoteza wakati walikwisha kuwa somo la chuo kikuu.

Sasa kisa chetu. Miaka michache iliyopita alitufikia mwalimu mgeni kutoka Uganda, mtu wa Buganda, aliyekuja kukiimarisha Kiswahili chake. Alipenda kukaa nasi katika baraza moja ya upande wa Mkunazini, na siku ya kwanza alipoliona bao alicheka kwa furaha, kwani kwao wana omweso. Omweso nao una mashimo 32 na kete 64. Mtu akilitazama bao lisilo na kete hawezi kuiona tofauti, isipokuwa hilo shimo la mraba la nyumba. Mgeni akasema, "Wazee wangu, mkinipa ruhusa, nitawaonyesha namna sisi tunavyolicheza bao hilo hilo."

Fundi mkubwa wa baraza ile, ambaye hatutamtaja jina kwani hakutupa idhini, hakuinua uso. Akajibu, "Karibu mwalimu. Lakini sisi bao tunalo."

Jibu hilo lilitosha kwa muda wa wiki mbili hivi. Halafu siku moja ya mvua, wachezaji wakiwa wachache, mjukuu wa fundi huyo, kijana wa darasa la saba, akamwomba mgeni amfundishe. Wakakaa pembeni. Babu yake akawa anatazama kwa jicho la upande, na baada ya michezo miwili akasogea. Akaketi. Akasema apewe kanuni, zote, tena kwa utaratibu.

Kanuni za omweso ni nyepesi kuzitaja. Hakuna namua, kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo katika safu zake mbili, kisha mchezo huanza. Kete hukwenda upande mmoja, kinyume cha mwendo wa saa, isipokuwa katika hali maalumu za kurudi nyuma kwa ajili ya kula. Na mtu huwezi kumla mwenzio mpaka mashimo yake yote mawili yaliyokuelekea, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Ukila, waondoka na za mashimo yote mawili, na huziingizi kutoka kichwani bali kuanzia pale ulipoanzia mwendo wako.

Fundi alishindwa mchezo wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Tulikuwapo. Hakushindwa kwa kukosa akili, bali kwa sababu ya ustadi wake. Katika bao la Kiswahili safu ya nyuma ni mahali pa salama. Kete zilizo huko haziliwi, na mchezaji mzuri huzoea kujiwekea akiba yake pale. Katika omweso akiba hiyo ndiyo inayomtia mtu hatarini, kwani shimo la nyuma likijaa na la mbele likawa nalo lina kitu, vyote viwili vinakwenda. Miaka hamsini ya mazoea ilikuwa ikimsukuma mzee yule kuwapelekea adui zake chakula. Zaidi ya hayo, kila alipokula, mkono wake ulikwenda wenyewe kichwani mwa safu. Mgeni alimrudisha kwa adabu kubwa. Mara ya nne au ya tano aliporudishwa, mzee akautazama mkono wake, akasema, "Huu mkono si wangu leo."

Mjukuu wake naye alikwisha kushinda mchezo mmoja.

Tunaomba mwanafunzi asimame hapa kidogo. Siku hiyo mchezo mgeni uliwaweka babu na mjukuu kwenye daraja moja, na pengine mjukuu mbele kidogo. Kijana hakuwa na mazoea ya kusahau. Babu alikuwa na mengi. Mtu akikwambia kwamba mkongwe anakataa jambo jipya kwa uvivu, mwambie hajawahi kumwona mkongwe akijifunza. Mkongwe ana sababu zake za kweli, nazo ni nzuri. Wakati wake si mwingi. Mchezo alionao bado haujamwishia utamu. Kina chake hakijafikiwa. Tena mchezo ni watu: akihamia mchezo ambao wenziwe hawaujui, atacheza na nani? Sababu zote hizo twazipokea. Lakini chini yake kuna nyingine isiyosemwa, nayo ni kwamba anayejifunza hana budi kushindwa, na mkongwe atashindwa hadharani, mbele ya wale wanaomwamkia kwa heshima kila asubuhi. Mwanafunzi wa ualimu akishindwa hapotezi kitu, kwani kila mtu anamjua kuwa ni mwanafunzi. Mwalimu wa miaka thelathini akijaribu njia mpya na darasa likamgeukia, watoto wataona, mwalimu wa darasa la jirani atasikia, na mwalimu mkuu naye atapita dirishani saa hiyo hiyo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Hauna kete wala mashimo. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akawa mtu fulani wa hadithi, mpiganaji au mchawi au mwizi, na mmoja wao husimulia yaliyoko mbele yao na kuwauliza watafanya nini. Penye shaka hutupwa dadu, na mojawapo ya dadu hizo ina nyuso ishirini. Msomaji aliyekua kwa hadithi za "Paukwa!" na "Pakawa!" hatashangaa sana, ila hapa wasikilizaji wamo ndani ya hadithi na wanaweza kuiharibu. Watu walioanza mchezo huo wakiwa wavulana sasa ni wazee, na mchezo wao umekwisha kubadilishiwa kanuni mara nyingi: mwaka 2000 lilitoka toleo la tatu, mwaka 2008 la nne, mwaka 2014 la tano, na pamoja na hayo imetungwa michezo mingine ya aina hiyo isiyo na idadi. Kila litokapo toleo, wakongwe hukaa na kujiuliza lile lile aliloliuliza fundi wetu kwa kunyamaza: tunacho chetu, cha nini hiki? Toleo la nne lilikataliwa na wengi, hata kampuni iitwayo Paizo ikatoa mwaka 2009 mchezo wake wa Pathfinder uliojengwa juu ya kanuni za lile toleo la tatu, na wakongwe wakauendea kwa wingi. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba wengi wao hawakuwa wakikataa upya kwa kuwa ni upya. Walikwisha kukubali toleo la tatu, nalo lilikuwa jipya siku zake. Walikuwa na kipimo. Kipimo chenyewe, tujuavyo sisi kutoka kwa wapenzi wa michezo hiyo, ni cha watu wazima: mchezo huu unaniwezesha kufanya nini ambacho ule hauniwezeshi, na ni usiku mangapi nitakaa nikifungua kitabu cha kanuni kabla sijaanza kucheza kwa raha?

Swali hilo la pili hasa ndilo tungependa walimu wetu wote walijue kwa moyo, kwa maana gharama ya jambo jipya huwa haiandikwi juu ya jalada lake.

Afrika Mashariki imekwisha kuilipa gharama hiyo. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, wakaanza kuandika vitabu vya Hisabati ya kisasa kwa ajili ya skuli za Kiafrika. Nia yao ilikuwa njema na wengi wao walikuwa mabingwa. Mtoto angeanza kwa seti na mahusiano badala ya kukariri jedwali, na angeelewa kwa nini, si namna gani tu. Lakini walimu wengi waliopewa vitabu hivyo hawakuwa wamepewa nafasi ya kucheza mchezo huo wenyewe mpaka wakaujua. Walitakiwa wafundishe namua ya watu wengine. Wazazi nao hawakuweza kuwasaidia watoto wao usiku, kwani hawakuielewa hata lugha yake. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Hisabati mpya iondoke katika skuli za Kenya, na Tanzania Bara nako ilikwisha kuachwa kabla ya hapo. Wakongwe waliokuwa wakinung'unika tangu siku ya kwanza walisema, "Si tulisema?" Walisema kweli, lakini nusu. Seti zingalimo katika vitabu vya Hisabati vya sekondari, wala hakuna anayezilalamikia. Kilichoshindwa hakikuwa wazo lote. Mchezo uliletwa mezani kabla hapajapatikana mtu wa kukaa na wachezaji na kuwarudisha mikono yao taratibu, kama alivyofanya yule mgeni wa Uganda.

Mafundi wa bao wenyewe walilijua tatizo hilo zamani, wakalitengenezea mlango. Kuna bao liitwalo bao la kujifunza. Humo hakuna kete za mkononi na hakuna namua; kila shimo huwekwa kete mbili, kila mtu ana zake 32, na mchezo huanza moja kwa moja. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kula, kuzungusha na kuhesabu, bila ya kubeba mambo ya nyumba na ghala ambayo ndiyo yanayowachanganya wageni. Tumewasikia wazee wakilidharau bao hilo na kuliita la watoto. Hata hivyo hatujapata kumwona mmoja kati yao akimtia mgeni katika namua siku ya kwanza. Wanalidharau kwa mdomo, na kwa mikono wanalitumia. Na sisi katika mambo ya ualimu huiamini mikono zaidi.

Tuliwahi kulitumia bao hilo katika darasa la tatu, katika skuli moja ya Kaskazini Unguja. Hatutaki msomaji afikiri kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mashimo tuliyachimba mchangani chini ya mwembe, kete zikawa kokoto. Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Watoto waligombana juu ya nani kahesabu vibaya, kokoto zikapotea na nyingine zikatupwa kwa watu, na mwalimu wa darasa, mama mtu mzima mwenye sauti ya kutosha, akatutazama bila ya kusema neno, jambo ambalo lilituuma kuliko maneno. Tulikuwa tayari kuliacha. Yeye ndiye aliyetwambia tujaribu tena, lakini watoto wacheze wawili dhidi ya wawili, na kabla ya mkono kugusa kete, mwenzi mmoja amwambie mwenziwe kwa sauti shimo ambalo kete ya mwisho itaangukia. Hilo halikuwamo katika maandalio yetu ya somo. Lilitoka katika miaka yake ya kufundisha kusoma kwa jozi. Wiki ya pili kelele zilikuwapo, ila zilikuwa kelele za hesabu.

Mchezo ule ulifundisha nini? Uliwafundisha watoto kuhesabu mbele kabla ya kutenda, na kuona kwa macho kwamba kumi na sita ni nane mara mbili na ni nne mara nne. Haukuwafundisha kuandika hesabu ya kutoa kwa kuazima. Tulitarajia ungesaidia huko, haukusaidia hata kidogo, na tulirudi kwenye ubao na chaki kama walivyofanya walimu wetu. Njia ya kufundisha nayo ni mchezo wenye kanuni zake. Ina linalowezekana ndani yake na lisilowezekana, na mwalimu hajui mpaka aumalize. Kuiacha baada ya siku ya kwanza ya fujo ni sawa na kuinuka barazani kwenye namua.

Lipo jambo jingine tulilolishuhudia chini ya mwembe, nalo ndilo linalotufanya tusikubali kwamba mkongwe aachiwe tu na mchezo wake. Baraza za Unguja ni mahali pa wanaume. Msichana wa Unguja hupita mbele ya bao akiwa amebeba mkate wa chai, hasimami. Wavulana watatu au wanne wa darasa lile walikwisha kuona bao kwa baba zao, na siku mbili za mwanzo ndio waliotawala, wakawa wakitoa amri na hata kubuni kanuni za kuwafaa. Tukabadili. Tukawapa wote mchezo wa omweso tuliofundishwa na mgeni wetu, ambao hakuna baba wa Kaskazini Unguja aliyeucheza. Ubora wa wavulana ukatoweka kwa siku moja. Msichana mmoja aliyekuwa akikaa mwisho wa darasa, na ambaye katika daftari la alama hakuwa mtu wa kutajwa, akawa hashindiki. Alizipanga kete zake 32 kwa namna ambayo hata sisi hatukuifahamu, huku ameacha mashimo matupu ya nyuma kwa makusudi.

Mchezo mgeni hugawa viti upya. Katika darasa la namna moja ya kufundisha kwa miaka yote, watoto hupanga foleni yao mapema: huyu wa kwanza, yule wa mwisho, na foleni hiyo hugeuka kuwa kama maumbile. Mwalimu anapoleta kazi ya aina nyingine, hata isipokuwa bora kuliko ile ya zamani, foleni huvunjika kwa siku chache na wa mwisho hupata nafasi ya kuonekana. Hiyo pekee yaweza kuwa sababu ya kutosha ya kujaribu. Na ukiitazama vizuri, ndiyo sababu hiyo hiyo inayomfanya mkongwe asite, kwani viti vikigawanywa upya na chake kimo.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, utakapofika skuli na kukutana na yule mwalimu wa miaka thelathini, usianze na njia yako. Anza na yake. Mwombe ukae nyuma ya darasa lake, umtazame anavyofundisha herufi, kisha umwombe akuache ufundishe kama yeye. Utashindwa, kwani njia yake ina mambo mengi yasiyoandikwa, naye atakurekebisha. Hapo atakuwa ameona kwamba mtu mzima mwenye cheti anaweza kushindwa mbele yake na asife. Baadaye mwalike katika yako. Lakini mlete kwenye bao la kujifunza, si kwenye namua. Somo moja, kikundi kimoja, jambo dogo ambalo likiharibika litasahaulika kabla ya Ijumaa. Usimwite mwalimu mkuu aje kutazama. Na akikwambia, kama mama yule wa Kaskazini, kwamba kazi hii ibadilishwe hivi na hivi, isikilize sana kauli hiyo, kwa sababu huo ndio mwanzo wa kuufanya mchezo kuwa wake.

Pana hatari moja hapa, nayo tuliiona kwa fundi wetu wa Mkunazini. Katika siku ya pili ya kujifunza omweso alishauri waweke nyumba, na kete nyingine zibaki mkononi ziingizwe moja moja. Mgeni akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, hilo litakuwa bao lenu tena." Mkongwe hupenda kuurekebisha mchezo mpya mpaka ufanane na ule wa zamani, halafu husema kwamba ameujaribu na hakuona tofauti. Walimu wengi wameijaribu kazi ya vikundi kwa namna hiyo: watoto wamegeuziwa madawati wakatazamana, kisha mwalimu akaendelea kuhutubia kama jana. Kubadili kanuni kwafaa, ila baada ya kuzijua zina kazi gani.

Inatubidi tuseme na upande wa pili, kwani baadhi ya wanafunzi wetu wana ugonjwa ulio kinyume cha huo. Kila warsha huwatoa na njia mpya, na kila njia huitumia wiki mbili mpaka warsha ifuatayo. Hao hawakatai kitu na hawajui kitu. Watoto wao hutumia mwaka mzima kujifunza kanuni, hawachezi. Mtu wa namna hiyo barazani hukaribishwa kahawa lakini hapangwi katika mchezo.

Wasomaji huenda wakataka kujua mambo yaliishia wapi Mkunazini. Fundi alicheza omweso kwa muda wa miezi miwili, kila siku mchezo mmoja au miwili baada ya bao lake la kawaida. Mwishoni alikuwa akimshinda mgeni mara moja katika tatu. Kisha akatangaza kwamba ameacha. Tulimwuliza sababu, tukitarajia kusikia kwamba mchezo wa watu haumfai. Haikuwa hivyo. Alisema omweso ni mchezo mkali, na kwamba ile ruhusa ya kupanga kete utakavyo kabla ya kuanza ni akili kubwa ambayo bao halina. Lakini yeye, alisema, raha yake ni kumsoma mwenzake polepole, kete moja kwa moja, wakati mikono ingali na kitu, na omweso unaanza pale ambapo kwake yeye mazungumzo yamekwisha. "Nimeujua, sijaupenda," akasema. "Ningeukataa siku ya kwanza, ningekuwa nimesema uongo."

Yule mwalimu wa Uganda alikwisha kurudi kwao. Wazee wa baraza ile wanaendelea na bao lao, na kila jioni adhana ya magharibi ikisikika huinuka wakaenda kusali, bao likabaki juu ya jiwe. Hapo mjukuu na wenzake wawili watatu huja, wakakaa katika nafasi za wazee, wakazipanga kete thelathini na mbili thelathini na mbili kila mmoja apendavyo, wakacheza kwa haraka kabla ya kuitwa nyumbani. Babu anajua. Akirudi hukuta kete zimekwisha kurudishwa nyumbani kwake, sita, na mbili mbili jirani, ingawa mara nyingine wamekosea upande.